Uliza Dada Dokta: Ukishafika Uingereza, kazi ndo inaanza

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa madaktari, nadhani ni kwa sababu Agosti imepita, maana Jumatano ya kwanza ya Agosti ndo siku madaktari vijana wa Uingereza wanabadilishana vituo, na wageni wengi wanaingia kwenye mkorogo huo huo, unakuta wodi nzima hamna anayejua hata karatasi za maabara zinakaa wapi. Mlioniuliza habari za PLAB (mtihani wa madaktari waliosomea nje) mnisamehe, hiyo tulishaongea sana. Leo ni kwa waliokwisha kufika, na mmoja ambaye bado yuko nyumbani anataka kuliwa hela.

SWALI: Shikamoo dada dokta. Mimi natokea Iringa, nina miezi mitatu kwenye hospitali moja kaskazini mwa Uingereza, wodi ya wazee. Juzi juzi nikiwa zamu ya usiku mgonjwa wangu mmoja akaanza kupumua haraka, presha ikashuka, NEWS (alama za hatari ya mgonjwa) ikafika 7. Nikampa oksijeni, dripu na antibayotiki, nikaona registra (daktari aliyenizidi ngazi) nimwambie asubuhi maana alikuwa amezidiwa kule emajensi. Nesi hakunisubiri, akampigia mwenyewe. Mgonjwa alipona na ameshaenda kwake. Lakini nesi kaniandikia Datix na sasa supavaiza wangu ananiita. Silali. Nyumbani nilishika hospitali ya wilaya usiku mzima peke yangu, leo naonekana sijui kazi? GMC (baraza la madaktari la huku) wataniondolea usajili?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza lala, hakuna wa kukufuta kwa hilo.

Datix ni programu ya kuripoti matukio, basi. Inaandikwa kitanda kikikosa breki, dawa ikichelewa kutoka famasi, mgonjwa akianguka chooni, na wewe mwenyewe una haki ya kuandika. Sio barua ya onyo na haitumwi GMC. Inatakiwa ieleze tukio sio kumshtaki mtu, ingawa nisikudanganye, wapo wanaoitumia kama fimbo.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Matibabu uliyompa ni sawa, ila simu ndo hukupiga. Ile chati ya NEWS2 ina masharti yake, ikifika 5 mgonjwa anatakiwa aonwe haraka, ikifika 7 ni dharura na lazima mkubwa wa ngazi ya registra aambiwe hapo hapo, sio asubuhi. Kwa hiyo nesi hakukuzunguka, alifanya kitu ambacho kama asingekifanya angeulizwa yeye. Najua kinauma. Sisi tumelelewa kwamba kumwamsha bosi saa nane za usiku ni kujitangaza hujui kitu, na wilayani ukimpigia mara mbili ya tatu hapokei, alafu asubuhi kwenye raundi unasemwa mbele ya wanafunzi, ndo maana mtu anajifunza kupambana na mgonjwa wake mpaka kunakucha, na tuseme ukweli huo upambanaji umeokoa watu wengi tu. Lakini huku wanaupima vingine kabisa. Daktari anayepiga simu sana ndo wanamuona salama, anayenyamaza ndo wanamuogopa, hawajui anajua nini na hajui nini. Registra akikujibu kwa ukali mwache, akimaliza ukali atakuja, ndo kazi anayolipwa.

Kama shida ni kwamba hujui uanzeje, anza na kwa nini umepiga, usianze na historia tangu mgonjwa azaliwe kama tunavyopresenti kwa profesa. Jina lako, wodi, alafu: "Nina mama wa miaka 82 aliingia na nimonia, sasa hivi NEWS 7, presha 88 kwa 50, yuko kwenye oksijeni lita nne, nimeshampa dripu na antibayotiki, nina wasiwasi naye, naomba uje umuone." Nusu dakika. Kisha andika kwenye faili saa uliyopiga, uliongea na nani, kasema nini. Na ukiona mgonjwa anaondoka mikononi mwako usitafute namba ya registra, piga 2222, timu nzima inakuja mbio na hakuna atakayekuuliza kwa nini umetuita.

Hofu yako ya GMC haijatoka hewani lakini. Mwaka 2019 GMC wenyewe walitoa ripoti inaitwa Fair to Refer, ikaonyesha kwamba waajiri wanawapeleka GMC madaktari waliosomea nje mara 2.5 zaidi ya waliosomea Uingereza. Sababu walizozikuta ndo zinanihuzunisha, mojawapo ni kwamba mtu analetwa bila indakshen ya maana, anatupiwa kwenye kituo cha pembeni anafanya kazi peke yake, na mabosi wanaona tabu kumwambia ukweli mtu ambaye hafanani nao. Wanakuchekea kwenye korido, kila kitu "fine", vitu vidogo vinarundikana kimya kimya, siku ukija kusikia vimeshakuwa karatasi. GMC wakajiwekea lengo tofauti hiyo iwe imekwisha ifikapo 2026. Lengo ni lao, wewe usilisubiri. Ukikaa na supavaiza usimuulize "naendeleaje" maana utajibiwa unaendelea vizuri. Muulize ni kitu gani kimoja angependa ubadilishe kuanzia wiki hii, na ukae kimya mpaka ajibu. Wazungu hawapendi ukimya, atajibu.

Kabla ya kikao andika kwa kalamu yako kilichotokea, saa kwa saa, bila kumtaja nesi kwa ubaya. Ukitaka kuliona tena faili la mgonjwa omba ruhusa, usilifungue kiholela kwa sababu ameshatoka na kompyuta inaandika kila aliyeingia na saa aliyoingia. Kingine, umejiunga na chama cha utetezi wa madaktari kama MDU, MPS au MDDUS? Wengi wetu tunabana hiyo hela tukijua NHS (huduma ya afya ya serikali) inatukinga. NHS inakukinga mgonjwa akidai fidia, mambo yakienda GMC haikusimamii. Kama umejiunga wapigie kabla ya kikao, kuwasikiliza watu wenye wasiwasi kama wewe ni sehemu ya huduma yao. Wenzako watakusimulia kesi ya Dk Hadiza Bawa-Garba wa Leicester, aliyefutwa usajili na Mahakama Kuu Januari 2018 na kurudishwa na Mahakama ya Rufaa Agosti mwaka huo huo, ile ilihusu kifo cha mtoto na hukumu ya jinai kabisa, usiibebe kichwani ukaifananisha na yako.

Halafu GMC wana semina ya bure ya nusu siku kwa madaktari wageni, Welcome to UK practice, omba siku uende, ni ya kujadiliana sio mtihani. Na yule nesi, ukikutana naye zamu nyingine mshukuru. Najua hutaki. Mshukuru tu.

SWALI: Assalaam alaykum dada. Mie ni daktari kutoka Unguja, naanza Januari kitengo cha upasuaji London. Nimesikia lazima mikono iwe wazi mpaka kwenye kiwiko na kwamba hijabu haiingii thieta. Na sala je? Na hilo giza wanalolisema ni kweli?

JIBU: Waalaykum salaam dadangu. Ya mikono ni kweli, ilikuja na mwongozo wa wizara ya afya wa 2007 kuzuia maambukizi, lakini mwongozo wa 2010 ukawafikiria wenye sababu za dini. Mikono mirefu inakubalika mradi uikunje vizuri unapomshika mgonjwa na unaponawa, au unavaa vile vimikono vya kutupa vyenye lastiki kiwikoni na kwenye kifundo. Kila hospitali ina karatasi yake, isome kabla, maana msimamizi wa wodi anaweza asiijue na wewe ukaijua.

Hijabu ya thieta ipo ya kutupa, ya kitambaa safi kama kofia zao tu. Royal Derby Hospital walianza kuzitoa 2019, wazo lilitoka kwa daktari kijana wa hapo mwenye asili ya Malaysia. Usije ukaanza kuyajadili haya mlangoni mwa thieta mgonjwa ameshalala mezani. Waandikie baruapepe meneja wa thieta na watu wa kuzuia maambukizi wiki kadhaa kabla hujaanza, uliza wanazo, kama hawana waagize. Ukiuliza mapema wewe ni daktari aliyejipanga, ukiuliza asubuhi ile umeshakuwa tatizo, na swali ni lile lile.

Sala inataka hesabu. Desemba London magharibi inaingia kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinakukuta kazini, zimebanana. Juni mambo yanageuka, isha inakaribia saa sita usiku na alfajiri hiyo inagonga mlango. Hospitali zina chumba cha sala na nyingi zina imamu kwenye timu ya viongozi wa dini, mtafute wiki ya kwanza, anajua chumba kipi kina pa kutawadha na nani mwingine anasali, na mara nyingi ndo anakujulisha kwa Waswahili wenzio. Mwambie na konsaltanti wako (daktari bingwa) kwamba kuna dakika kumi za mchana utakuwa hupo wodini. Mwambie, usitoroke. Ukitoroka unakuwa daktari asiyepatikana.

Giza ni kweli na Januari ndo utalikuta limekaa. Unatoka nyumbani giza, unarudi giza, jua umelionea dirishani pale wodi namba tisa. Vitamini D kunywa, ushauri wa NHS ni maikrogramu 10 kwa siku, na sisi wenye ngozi nyeusi wanatuambia tuzingatie mwaka mzima sio baridi tu. Koti usinunue Darajani, njoo na sweta zako mbili koti utalinunua huku huku.

SWALI: Habari dokta, mimi niko Birmingham natoka Mombasa. Niliambiwa mshahara ni £44,000 kwa mwaka, nikapiga hesabu na shilingi ya Kenya, nikaahidi watu. Ya kwanza ikaingia hata nusu ya nilichotarajia haifiki! Mamangu ana fundi kwenye msingi huko Kilifi. Kuna mwenzangu ananiambia nitoke kwenye pensheni. Nitoke?

JIBU: Kaka pole, hapa ndo wengi wanapoumia. Mwezi wa kwanza usiuhesabu. Ofisi ya mishahara inafunga mahesabu mapema, ukianza kazi baadaye unalipwa kipande na kilichobaki kinakuja mwezi ujao. Na kama hukujaza ile fomu ya kuanza kazi, unaweza kukatwa kodi bila kupewa ile £12,570 ya mwanzo isiyotozwa kodi. Angalia kwenye pesilipu "tax code" yako ni ipi, kama sio 1257L ingia kwenye akaunti yako ya HMRC (mamlaka ya kodi ya huku) uwape taarifa za kazi yako. Ilivyozidi inarudishwa yenyewe kwenye mshahara.

Sasa hesabu yenyewe ikishakaa sawa. £44,000, toa pensheni kama asilimia 10, toa kodi, toa National Insurance (mchango wa bima ya taifa), mkononi kwa mwezi inabaki £2,600 na kidogo. Pango la nyumba ndogo linaweza kula elfu moja peke yake, kuna umeme na gesi, kuna kodi ya halmashauri, na kuna ile dipoziti mwenye nyumba aliyoishika (England haruhusiwi kuzidisha pango la wiki tano kwa nyumba kama yako, na lazima aiweke kwenye skimu ya kuilinda ndani ya siku 30, mdai karatasi). Unaishi peke yako? Waandikie halmashauri wakupunguzie asilimia 25 ya kodi yao, hawakupi mpaka uombe. Ada ya GMC na ya chama chako cha utetezi pia unaweza kuombea nafuu ya kodi HMRC, hata ya miaka minne ya nyuma, na watu wanakaa Uingereza miaka hawajui.

Pensheni usitoke. Mwajiri anakuwekea zaidi ya asilimia 20 juu ya mshahara wako, hela ambayo ukitoka hupewi, inapotea tu. Ukifa ukiwa kazini familia inalipwa. Na ukiondoka kabla ya miaka miwili unaweza kuomba michango yako mwenyewe irudishwe, ikikatwa kodi. Huyo mwenzako ana madeni yake, asikufundishe.

Kwa mama piga simu leo, sio meseji. Mwambie fundi asimame kwenye msingi mpaka Desemba, mpe kiwango kimoja cha kila mwezi ambacho unakiweza hata mwezi mbaya, na kisipande kwa sababu binamu kaona picha yako umesimama na theluji. Mshahara wako usimtajie mtu kwa pauni za kabla ya makato. Mimi nikiulizwa nasema "unatosha" nabadilisha mada.

SWALI: Dada, leseni yangu ya udereva ya Tanzania naibadilishaje huku?

JIBU: Haibadilishwi. Unaendeshea miezi 12 tangu uhamie, baada ya hapo unatakiwa uwe umefanya mtihani wao wa nadharia na wa barabarani. Wazimbabwe na Wasauzi wanabadilisha, sisi bado. Omba leseni ya muda na ubuku mtihani mapema maana foleni za mtihani wa barabarani ni ndefu, miezi 12 inaisha hujaona.

SWALI: Mtoto wa mgonjwa wangu alipiga simu wodini analia anataka majibu ya CT ya babake. Nikamuonea huruma nikamwambia ni kansa. Konsaltanti kakasirika kweli. Kwetu Arusha si ndugu ndo anaambiwa kwanza?

JIBU: Kwetu ndiyo, tunamvuta kaka mkubwa pembeni, mgonjwa anaambiwa ana "kidonda tumboni". Huku mzee mwenye akili zake timamu ndo mwenye habari, ataamua yeye nani aambiwe. Sijui kama njia yao ni bora kila wakati, nimeona wazee wakipewa habari hiyo wakiwa peke yao kitandani na pazia limevutwa nikasema hapana, kwetu asingekuwa peke yake. Kwa hiyo ninachofanya siku hizi, kabla majibu hayajatoka namuuliza mgonjwa: majibu yakija, ungependa nani awepo? Na je akipiga simu mwanao nimwambie? Naandika jibu kwenye faili. Simu ikilia wodini, nafungua faili. Kama hakuna kitu, unamwambia mpigaji kwamba umemsikia, utaongea na babake alafu utampigia, na kweli umpigie. Kwa hili la sasa kamuombe radhi yule baba mwenyewe, na konsaltanti ajue umeenda.

SWALI: Mimi bado niko Mwanza, nimefaulu PLAB zote mbili. Kuna wakala anasema ana nafasi NHS, anataka milioni nne za "kunishikia". Nitoe?

JIBU: Usitoe hata mia. Kwa sheria za Uingereza wakala haruhusiwi kumtoza mtu hela ya kumtafutia kazi, analipwa na hospitali. Na Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, kwa hiyo waajiri na mawakala wa huku wamekatazwa kuja kutuvua. Wewe mwenyewe kuomba kazi moja kwa moja hukukatazwa, tangazo liko wazi kwenye tovuti ya NHS Jobs, unajaza, unaitwa intavyuu ya video, bure.

Ila nikwambie na upande wa pili maana huyo wakala hatakwambia. Sa hizi nafasi ni chache na waombaji ni wengi mno, kuna watu wamefaulu PLAB zote wanatuma maombi mamia hawaitwi. Kwa hiyo usiache kazi hapo ulipo, daktari anayeendelea kushika wagonjwa anaajirika kuliko aliyekaa nyumbani mwaka mzima anasubiri, na barua ya bosi wako wa sasa ndo itakayokuingiza. Na hata ukipata ofa, kabla hujasaini, tafuta jina la hiyo hospitali kwenye orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini viza, iko GOV.UK, wazi kwa kila mtu. Kama jina halimo, hamna kazi hapo.